Chimba Kwanza, Mbolea Baadaye: Kufufua Maua ya Kudumu Yaliyosongamana

Tazama tuta la maua lililopandwa kando ya baraza miaka sita au saba iliyopita, kisha likaachwa lijiendee. Misimu miwili mitatu ya mwanzo lilijaa maua. Baadaye maua yakawa ya kuhesabu kwa vidole, na sasa ni majani matupu yaliyolaliana, ukoka umepenya ndani, na katikati pamebaki kipara. Mwenye nyumba akiona hivyo, jambo la kwanza linalomjia ni chakula. Analeta ndoo ya samadi na kuimwaga juu, anaongeza maji jioni, na asipoona mabadiliko anajaribu kiganja cha urea. Majani yananenepa na kukoza kijani, lakini maua hayaji. Hapo wengi hukata tamaa, wakasema udongo umechoka au ua limezeeka, wakaling'oa na kulitupa. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: mara nyingi ua la kudumu linalodhoofika halina njaa, lina msongamano. Tiba yake ni kulichimba, kuligawanya na kulipanda upya, na mbolea ifuate baada ya hapo. Ukianza na mbolea, unalisha tatizo lenyewe.

Maua ninayoyazungumzia ni yale yanayoishi miaka mingi kwa kuzaana kutoka shina moja hadi likawa kichaka. Kuna agapanthasi, yenye majani marefu kama mikanda na mpira wa maua ya buluu au meupe juu ya kikonyo kirefu. Kuna kana, yenye majani mapana na maua mekundu, ya njano au ya machungwa. Kuna mayungiyungi ya bustani, yale ambayo kila ua huchanua asubuhi na kunyauka kufikia usiku. Kuna jebera, ua la duara mfano wa alizeti ndogo, na kuna daisi nyeupe za nyanda za baridi. Yote haya yamezoeleka katika nyua zetu, kuanzia Limuru na Lushoto hadi Dar es Salaam na Mombasa, na yote hudhoofika kwa njia inayofanana.

Kinachotokea chini ya ardhi

Mti hukua kwenda juu. Maua haya hutembea pembeni. Kila msimu chipukizi jipya hutokea ubavuni mwa la zamani, upande wa nje, kwa sababu huko ndiko kwenye udongo ulio wazi. Baada ya miaka mitano, kichaka kimekuwa kama pete: vijana wako ukingoni, wazee wamebaki kati, na macho ya hao wazee yaliyokuwa yachipue yamekwisha kutumika. Chini yao mizizi ya kila chipukizi imesokotana na ya jirani yake katika sentimita ishirini au thelathini za juu, hadi udongo wenyewe ukawa mchache kuliko mizizi. Maji yakimwagwa hapo huteleza pembeni kama yaliyomwagwa juu ya mkeka. Samadi inayowekwa juu inabaki juu. Kile kidogo kinachopenya kinagombewa na machipukizi thelathini, na kila moja linapata cha kulifanya liishi, hakuna linalopata cha kulifanya lichanue. Kuchanua ni gharama kubwa kwa mmea. Mmea uliobanwa hubana matumizi, na cha kwanza kupunguzwa ni maua.

Mkulima wa migomba hahitaji kushawishiwa juu ya jambo hili. Kagera, Kilimanjaro, Rungwe au Kisii, anajua kwamba shina lililoachiwa machipukizi yote hutoa mikungu midogo hata likimwagiwa samadi ya zizi zima. Ndiyo maana huacha mama, mtoto na mjukuu, na mengine akayang'oa. Mfano huu una nguvu zaidi ya kufananisha tu, maana kana, mgomba na tangawizi ni jamaa wa oda moja ya mimea. Kana hukua kutoka kwenye tunguu linalotambaa chini, kila bua lake huchanua, hukamilisha kazi yake na kufa, na bua jipya huchukua nafasi. Sheria inayofanya kazi kwenye shamba la ndizi inafanya kazi vilevile mbele ya baraza. Ushahidi wa pili unatoka kwenye pareto, ua la kudumu linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mkulima wa pareto huona mavuno ya maua yakishuka shamba linapozeeka, na njia mojawapo ya siku nyingi ya kuanza upya ni kuchimba mashina ya zamani, kuyapasua na kupanda vipande. Watu wanaoishi kwa kuuza maua hawasubiri kichaka kizee kijirekebishe chenyewe. Wanakigawanya.

Sasa urea inaeleweka kwa nini inadanganya. Urea ni nitrojeni, na nitrojeni kazi yake kubwa ni kujenga majani. Kichaka kilichobanwa kikipewa nitrojeni huzidisha majani, majani yakazidisha kivuli juu ya machipukizi machanga, na msongamano ukaongezeka. Ule ukijani wa wiki ya pili baada ya kuweka mbolea huonekana kama dalili ya kupona, ilhali ni ugonjwa uleule umevaa nguo mpya. Magugu nayo yanathibitisha hoja hii. Ukoka na ndago vikishaingia katikati ya kichaka, palizi ya juu haivifikii. Ndago ukiing'oa kwa majani, vile vitunguu vyake vidogo vyeusi vinabaki chini vikiwa vimeshikamana kama shanga kwenye uzi, na kila kimoja kinaweza kuchipua. Hakuna namna ya kuvitoa bila kuinua kichaka chote.

Hakikisha ugonjwa kabla ya tiba

Hoja yangu haisemi kwamba kila ua lisilochanua limesongamana. Zipo sababu nyingine, na ni wajibu wako kuzitenganisha kabla ya kushika jembe. Ukiona majani yamekuwa marefu, mepesi na yote yameinamia upande mmoja, tazama juu: huenda mwembe au mparachichi uliokuwa mche ulipopanda maua sasa umefunga jua. Hapo kugawanya pekee hakutasaidia. Hamisha maua au punguza matawi ya mti, kwani mengi ya maua haya yanataka jua la saa sita hivi kwa siku ili yachanue vizuri. Ukiona kana yenye michirizi ya njano kando ya mishipa ya majani, au majani yenye mabaka na kujikunja hata yakiwa machanga, shuku virusi. Virusi vya kana husambaa kwa vipande vya tunguu, na mmea ulioambukizwa hauponi kwa dawa wala kwa mbolea. Huo ung'olewe na kuchomwa, wala usigawiwe jirani. Na ukichimba kidogo pembeni ukakuta mizizi myembamba ina vinundu kama punje za ulezi, hiyo ni minyoo fundo. Tupa mizizi iliyoathirika na ubadilishe mahali pa kupanda.

Msongamano una dalili zake, na zikikutana tatu usisite. Ya kwanza ni kipara cha katikati, huku majani mabichi yakiwa ukingoni tu. Ya pili ni maua kupungua mwaka hadi mwaka na kuwa madogo, wakati majani yanaendelea kuwa mengi. Ya tatu ni kichaka kujiinua, matunguu na mizizi ikaonekana juu ya udongo kama mtu aliyekosa nafasi kitandani. Ya nne unaipima kwa mkono: ingiza vidole katikati ya kichaka. Visipopita, hata mzizi mpya haupiti. Ya tano unaipima kwa jagi la maji: limwage taratibu pale kati, uangalie. Maji yakikimbilia nje kabla ya kunywewa, umepata jibu lako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na dakika tano za kuinama hapa zinaokoa fedha ya mbolea ya mwaka mzima.

Msimu na vifaa

Kazi hii inafanywa mvua zinapoanza, maua ya msimu uliopita yakiwa yamekwisha. Sehemu zenye misimu miwili ya mvua, yaani pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, una nafasi mbili: mwanzo wa masika kuanzia Machi, na mwanzo wa vuli kuanzia Oktoba. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako mvua ni ya msimu mmoja, subiri Novemba au Desemba ardhi ikishalowa. Sababu yenyewe ni rahisi. Kipande kilichokatwa kimepoteza mizizi mingi, na kinahitaji wiki kadhaa za unyevu na jua lisilo kali ili kuotesha mingine. Ukikipanda katika jua la Januari pwani, majani yatapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Ikiwa lazima ufanye kiangazi, uwe na maji ya uhakika na kivuli cha makuti au wavu kwa wiki mbili za mwanzo.

Vifaa ni vya kawaida: jembe la meno au beleshi, panga au kisu kikali, makasi ya kupogolea, ndoo mbili za maji na gunia. Futa makali ya panga na makasi kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuanza, na tena kila unapohama kutoka kichaka kimoja kwenda kingine. Watu huiruka hatua hii kwa kuona ni ya hospitali, lakini virusi na vimelea vya uozo husafiri kwenye utomvu uliobaki kwenye makali. Kisu kimoja kichafu kinaweza kuharibu tuta zima kwa asubuhi moja, na utailaumu njia wakati kosa ni la kisu.

Kuinua na kugawanya

Tuchukue agapanthasi, kwa sababu ndiyo inayotisha watu zaidi. Siku moja kabla, mwagilia kichaka hadi udongo ulainike. Asubuhi kata majani yote yabaki shubiri moja tu. Unaona vibaya kufanya hivyo, lakini mizizi itakayobaki haitaweza kunywesha majani marefu. Kisha chimba mtaro kuzunguka kichaka, shubiri moja kutoka ukingoni, uingie chini kina cha beleshi zima. Tikisa kila upande hadi kichaka kilegee, ndipo ukiinue. Kitakuwa kizito, pengine cha watu wawili. Kiweke juu ya gunia na umwage maji juu ya mizizi hadi udongo utoke, maana usichokiona huwezi kukikata vizuri.

Sasa kiangalie kwa karibu. Mizizi ni minene kama penseli, myeupe au ya rangi ya maziwa, na ukiivunja inatoa maji. Hiyo ni hai. Ukingoni kuna machipukizi imara, kila moja na kitako chake kinene na kifungu chake cha mizizi. Katikati kuna vipande vya kahawia, vyepesi kama kizibo, vingine vimeoza na vinabonyea kidoleni. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakalia nafasi. Weka panga kati ya machipukizi mawili, usiliweke juu ya chipukizi, uligonge kwa kipande cha mti hadi lipasue. Endelea kupasua hadi kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake yenyewe. Usishawishike kupata vipande vingi vidogo. Chipukizi moja pekee huishi, lakini litachukua muda mrefu kuchanua, na wewe unataka maua. Kata mizizi iliyopondeka au kuoza, punguza iliyo mirefu mno ikae shimoni bila kukunjwa. Sehemu ya kati itupe kwenye shimo la mboji ikiwa ni nzee tu. Ikiwa na ugonjwa, ichome. Vipande vizima vifunike kwa gunia bichi chini ya kivuli wakati unaandaa udongo, na vipande vya jebera na daisi vipandwe siku hiyohiyo kwa kuwa mizizi yao ni myembamba na hukauka upesi.

Mbolea inapofika zamu yake

Shimo lililobaki wazi ndilo nafasi ambayo hukuipata miaka yote. Lima kina cha sentimita 30, okota kila kamba ya ukoka na kila kitunguu cha ndago, kisha changanya samadi iliyooza kabisa au mboji, kiasi cha ndoo ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Samadi mbichi usiitumie, kwani inapooza hutoa joto na chumvi zinazounguza mizizi iliyojeruhiwa. Udongo mfinyanzi mweusi, kama ulioko sehemu nyingi za Nairobi, huhifadhi maji hadi ukaozesha mizizi. Inua tuta shubiri moja juu ya usawa wa ardhi. Mchanga wa pwani una tatizo la kinyume, maji hupita kama kwenye chujio, hivyo ongeza mboji zaidi. Fosforasi, ambayo husaidia mizizi kujengeka, haitembei kirahisi ndani ya udongo. Kwa hiyo kama unatumia mbolea yake, kwa mfano ile ya mawe ya Minjingu kutoka kaskazini mwa Tanzania, hapa ndipo mahali pa kuichanganya, chini kabisa ambako mizizi itapita. Miaka yote ulipoinyunyiza juu ilibaki juu. Hiyo ndiyo maana ya kusema chimba kwanza: samadi ileile iliyopotea juu ya mkeka wa mizizi sasa inafika panapohitajika.

Panda agapanthasi kwa kina ilichokuwa nacho zamani, karibu dhiraa moja kutoka kipande hadi kipande. Tunguu la kana lilaze sentimita tano hadi kumi chini ya udongo, macho yakitazama juu, nusu mita au zaidi kati ya kipande na kipande. Mayungiyungi yape nafasi kama ya agapanthasi, shingo yake ikiwa vidole viwili chini ya udongo. Jebera ni tofauti na haisamehe: ule moyo wake ambamo majani hutokea lazima ubaki juu kidogo ya udongo, la sivyo maji hukaa humo na kuuozesha. Shindilia udongo kwa mikono ili usibaki na mashimo ya hewa, mwagilia hadi ulowe, kisha tandaza majani makavu kimo cha sentimita tano bila kuyagusisha na shingo za mimea. Mvua ikikosekana, mwagilia kila siku ya pili au ya tatu kwa wiki mbili, halafu punguza. Usiweke mbolea ya chumvichumvi hadi uone majani mapya. Mmea unaoponya majeraha hauna mdomo wa kulia.

Kila ua na tabia yake

Kanuni ni moja lakini kasi inatofautiana. Kana ina haraka: katika joto la pwani hujaa ndani ya miaka miwili au mitatu, na baada ya kugawanywa huanza kuchanua tena ndani ya miezi michache. Kati ya mgawanyo mmoja na mwingine, kata bua hadi chini kila linapomaliza maua, kama unavyokata mgomba uliokwisha kuvunwa. Jebera na daisi ziangalie kila baada ya miaka miwili hadi mitatu. Agapanthasi na mayungiyungi yanaweza kukaa miaka minne au mitano. Agapanthasi vilevile ni ya kinyongo: ikishahamishwa inaweza kukaa msimu mzima bila ua hata moja, na hilo si dalili ya kushindwa. Inatengeneza mizizi. Vikonyo vyake vikimaliza kuchanua vikate kabla mbegu hazijakomaa, kwani mbegu hula nguvu ya msimu ujao.

Waridi, bogenvilia na asumini havigawanywi, maana vina shina la mti. Hata hivyo kanuni ya nafasi haibadiliki, kinachobadilika ni chombo: badala ya panga chini ya ardhi, makasi juu yake. Asumini ya pwani iliyojisokota kuwa kichuguu cha vijiti huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo kata chini kabisa theluthi ya matawi mazee zaidi baada ya msimu wa maua, na mwaka unaofuata theluthi nyingine. Waridi liondolee matawi makavu, yanayosuguana na yanayoelekea ndani, hadi mwanga uone moyo wa kichaka. Bogenvilia ikate ikishamaliza kuchanua, na usiizoeze maji mengi, kwa sababu maji yakizidi hutoa majani.

Hoja za wanaosita

Kuna anayesema kukata ni kuua. Hofu hiyo inaheshimika, na kweli vipande vichache vinaweza kufa, hasa vikiwa vidogo au vikipandwa juani. Lakini mimea hii imeumbwa kwa namna hiyo. Kila chipukizi tayari lina mizizi yake na lingeweza kujitegemea tangu zamani. Ukitaka uthibitisho usioegemea maneno yangu, gawanya nusu tu ya tuta msimu huu. Nusu nyingine ipe samadi na maji kama ulivyozoea. Kwa kana na jebera utakuwa na jibu kabla mwaka haujaisha. Kwa agapanthasi subiri msimu wa pili. Tuta lako mwenyewe ndilo shahidi bora kuliko kitabu chochote.

Mwingine atasema kwamba agapanthasi hupenda kubanwa, na ukiiachia nafasi haichanui. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Agapanthasi iliyobanwa kiasi, hasa kwenye chungu, huchanua vizuri, na ndiyo maana kichaka kinachotoa maua mengi hakipaswi kuguswa hata kama kinaonekana kimejaa. Lakini kubanwa kiasi na kusongwa hadi katikati kufe ni mambo mawili. Kipimo chako kiwe maua, usihesabu miaka. Yakiwa mengi, kiache kichaka. Yakipungua misimu miwili mfululizo na dalili za msongamano zipo, chimba. Wa tatu atasema mbolea iliwahi kumsaidia. Bila shaka ilimsaidia, ua lilipokuwa changa na lenye nafasi. Tuta hilo si lile tena. Na wa nne atauliza kwa nini asinunue miche mipya kitaluni. Anunue akitaka, lakini akipanda mche mpya katika udongo uleule wenye ukoka na mizizi mizee atakuwa amenunua miaka mitatu ya maua na kurudi alipo. Kazi ya kuchimba haikwepeki kwa fedha.

Lipo pingamizi moja linalogusa moyo. Maua mengi ya nyumbani yana mwenyewe: yalipandwa na mama, au bibi aliyekwisha kufariki, na watoto wanaogopa kuyagusa wasije wakaharibu kumbukumbu yake. Kwa heshima yote, kuyaacha ndiko kunakoyaharibu. Kipande ulichokata kwenye kichaka cha bibi si mtoto wa lile ua wala mfano wake. Ni ua lilelile, damu moja, rangi ileile aliyoichagua, limepewa miaka mingine ya kuishi. Kinachotupwa ni vipande vya kahawia ambavyo vilikwisha kufa. Anayetaka kumtunzia bibi ua lake, na alichimbe.

Mwisho wa kazi utakuta tatizo ambalo hukulitarajia. Kichaka kimoja kilichozeeka kinaweza kutoa vipande kumi au kumi na viwili, na tuta lako linatosha vinne. Vilivyobaki vimelala juu ya gunia, vina mizizi, vinatazama. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri, kwa kuvirudisha vyote kwenye tuta kwa huruma, na baada ya misimu miwili msongamano umerejea. Panda vinne. Vingine vifunge kwenye gazeti bichi, viwili viwili, umpelekee jirani, wifi, mama mkwe, shule ya msingi iliyo karibu. Hivyo ndivyo maua mengi yalivyoenea katika vijiji vyetu, mkono kwa mkono, kabla vitalu havijakuwa vingi. Na kuna faida ya kibustani ndani ya ukarimu huo: mchwa wakija, au kiangazi kikakauka kupita kiasi na tuta lako likafa, ua lako litakuwa hai nyumba ya tatu kutoka kwako, na utajua mlango wa kubisha hodi.